Alama Nyeupe Kwenye Nati

Nakumbuka siku niliyosema uongo mbele ya mwalimu, mteja na mwanafunzi, na nati nne zikanisuta. Mwanangu, wewe uliyefungua karakana juzi na sasa unataka wanafunzi wa chuo, keti usome yaliyonikuta. Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka michache tu. Mzee wa kweli angeyasema haya kwa utulivu zaidi. Mimi hata ukurasa huu nimeuandika mara tatu.

Ufundi nilijifunza mwenyewe. Nilianza kwa kufungua mashine mbovu ya kukoboa mpunga iliyotupwa nyuma ya nyumba ya mjomba wangu kule Malinyi. Nikaifunga, nikabaki na bolti mbili mkononi, nikaifungua tena. Nilipopata karakana yangu hapa Ifakara, watu walikuwa wakiniita hadi Mngeta, lakini kila nikikutana na mtu aliyepita chuoni, nilitafuta sababu ya kuondoka. Nilijua kutengeneza, sikujua kueleza. Na kosa, hata dogo, lilininyima usingizi. Bado linaninyima.

Kazi ziliponizidi nilikwenda chuo cha ufundi kuomba mwanagenzi, mwanafunzi wa kujifunzia ufundi kazini. Niliomba kama mtu anayenunua mkanda wa mashine: nipeni mmoja, mzima, nirudi kazini. Mkufunzi aliyenipokea, Mwalimu Kasiani, mzee kutoka upande wa Mahenge, aliniuliza mwanafunzi atajifunza nini kwangu.

"Atajionea mwenyewe," nikajibu.

Akanipa Editha, msichana wa mwaka wa pili. Sharti lilikuwa moja: baada ya miezi mitatu awe anaweza kufunga mashine ya kukoboa na kuirekebisha peke yake. Akishindwa, anarudia mwaka. Nilitia saini bila hata kuketi.

Siku ya kwanza Editha alikaza nati nne zinazoshikilia beringi ya mashine yangu ya kukobolea mpunga wa wateja, kisha akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyeupe, akachora mstari mfupi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma.

Nikacheka. "Unaipaka kucha mashine? Kesho utaisuka nywele?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, bosi," akasema, akakifunga kichupa chake.

Sikumuuliza mstari ule ni wa nini. Kuuliza kungeonyesha kwamba sijui.

Jioni alipoondoka nilichukua spana nikazikaza upya. Sikuwa nimeona kosa lolote. Nilitaka tu kurudi nyumbani nikijua kwamba mkono wa mwisho kupita pale ni wangu. Kesho yake nikafanya hivyohivyo, na kila jioni iliyofuata. Wiki zilivyokwenda nikawa nampa kufagia pumba na kushona magunia. Kwenye daftari lake la mafunzo, kila Ijumaa niliandika "Anaendelea vizuri", nikasaini bila kusoma aliyoyaandika yeye.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, Mwalimu Kasiani akaja kumkagua. Mama Asteria, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa ameketi juu ya magunia yake ya mpunga akisubiri zamu. Mwalimu akafungua daftari. Juu ya kila sahihi yangu, kwa mwandiko mdogo, Editha alikuwa ameandika: "Nimekaza nati nne na kuweka alama. Asubuhi nimekuta alama zimehama." Ukurasa baada ya ukurasa.

Mwalimu akainama kwenye mashine. "Nani anazisogeza hizi?"

Editha akashika ufagio wake.

"Mtetemo, mwalimu," nikasema. "Mashine hii inatikisika sana."

Akagusa nati moja kwa kidole. "Mtetemo hulegeza, fundi. Hizi zimekwenda upande wa kukaza."

"Basi mtetemo huo una mikono," akasema Mama Asteria. "Na nadhani una masharubu pia."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya rangi ile: mstari ukikatika, unajua nati imesogea, bila hata kushika spana. Kitu rahisi, nami nilikuwa nimekihitaji miaka yote.

Mwalimu akamwambia Editha arekebishe nafasi kati ya ile mipira miwili, yaani rola zinazokoboa. Editha akasimama mbele ya usukani wa kurekebishia, mkono hewani. Hakujua uzungushwe upande gani. Sikuwahi kumruhusu kuugusa.

"Anarudi nami chuoni leo," mwalimu akasema.

Editha hakulia. Alivua ovaroli, akaanza kuikunja, pembe kwa pembe, hata mikono akainyoosha. Mwanangu, nilimtambua. Alikuwa mtu wa kupenda kazi safi kama mimi, na mimi ndiye niliyekuwa namgharimu mwaka mzima.

"Mwalimu, mimi sikusoma," nikasema. "Niliogopa ataona nisiyoyajua."

Mzee akaketi juu ya gunia la pumba. "Chuoni tunayo michoro ya mashine hii. Mashine yenyewe hatuna. Wewe unayo mashine, michoro huna. Aibu iko wapi hapo? Ulitaka kibarua, ukakiita uanagenzi. Keti, tufanye tulichopaswa kufanya siku ile ya kwanza."

Tukaandika kazi mojamoja, kuanzia nyepesi, na kando ya kila kazi siku ambayo mimi mwenyewe nitamwonyesha. Siku tatu karakanani, mbili chuoni. Ile mashine mbovu ya Malinyi, niliyohamia nayo Ifakara, tukaitenga iwe ya kukosea. Mwalimu atapita kila wiki ya pili, si mwishoni tu. Kisha akamuuliza Editha kama ana la kuongeza.

"Kazi yangu isifunguliwe mimi nisipokuwepo," akasema.

Ikaandikwa.

Siku ya mtihani Mama Asteria alitoa gunia lake moja. "Mkinivunjia mchele," akasema, "mtavila vitumbua vyake ninyi wenyewe." Mimi niliamriwa kukaa kwenye benchi nje. Mashine ikaanza, nikasikia kwa sauti tu kwamba mipira imekaribiana mno. Chenga tupu. Nikainuka.

"Kaa, wewe mtetemo!" Mama Asteria akanikemea.

Nikakalia mikono yangu. Editha akazima mashine, akalegeza. Safari hii mpunga ukatoka na maganda yake. Akazima tena, akafikiri, akarudisha kidogo. Ukatoka mchele mzima.

Kwenye daftari sikuandika "vizuri". Niliandika: "Amekosea mara mbili, na mara zote mbili amegundua kosa mwenyewe." Mwalimu akasaini chini yake. Jioni ile nilishika spana kwa muda mrefu, kisha nikaitundika ukutani. Asubuhi mistari minne ilikuwa imenyooka, nayo mashine ilifanya kazi mpaka jioni.

Basi mwanangu, usiende chuoni kuomba mikono. Nenda na orodha ya unachoweza kufundisha, na ukiri usichokijua kabla hujasaini. Kubaliana na mkufunzi siku, kazi na ukaguzi, na muulize mwanafunzi naye. Tenga mahali pa kukosea. Kwenye daftari andika ulichokiona kwa macho. Zaidi ya yote, kosa ulilolikuta lirekebisheni pamoja, yeye akiwa ameshika spana.

Mungu akupe wanafunzi watakaokuzidi, akupe na moyo wa kufurahi wakikuzidi. Na kila alama utakayoiacha jioni, uikute asubuhi palepale.