Nilivyochora mtandao wa mbuzi wa Marungu mpaka supervisor akakubali

Wakuu, habari za mchana. Mimi ni mwalimu wa history hapa Voi. Haya yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi.

Nafanya Masters. Utafiti wangu ni desturi ya zamani kule Marungu, karibu na hapa Voi: huweki mbuzi wako wote boma moja. Unawagawa kwa marafiki, wengine hadi Taveta, ili ukame ukipiga usibaki mikono mitupu.

Nilidai waliounganisha hao marafiki walikuwa akina mama. Supervisor wangu, mzee mkavu kweli, akasema, "Madam, leta ushahidi ama utoe hiyo chapter."

Na hiyo chapter ndiyo thesis yenyewe.

Nikatafuta software ya kuchora mitandao. Kila mtu ni nukta, kila mbuzi aliyepelekwa kwa mwingine ni mstari. Mwenye mistari mingi nukta yake inanenepa. Nikaingiza masimulizi yote niliyorekodi kwa wazee, nikabonyeza.

Wanaume wamenenepa. Akina mama ni vidoti pembeni. Niliumia, sitaficha.

Jumamosi niko sokoni na vitunguu mkononi. Muuzaji ananiita Mama Mghoi. Mwanafunzi wangu anapita, "Habari madam." Dadangu anapiga simu, ananiita Wakesho, jina langu la kuzaliwa.

Nikasimama hapo hapo. Mtu mmoja, majina matatu.

Kumbe kosa si la software, ni langu. Kila msimulizi alimtaja mama yule yule kwa jina alilozoea yeye, nami nikaandika kila jina kama mtu tofauti. Wanaume wao walitajwa kwa jina moja tu.

Nikarudi Marungu kuuliza upya. "Mke wa Mwakio, Mama Saru na Wawuda ni watu wangapi?"

Wazee wakanicheka. "Ni huyo huyo, Mwalimu. Wewe ulifikiri ni nani?"

Nikaunganisha nukta zake, na za akina mama wengine. Aisee! Wawuda akatokea katikati, mnene kuliko mwanamume yeyote, mistari yake imefika hadi Bomeni, kule Taveta.

Siku ya kupresent, supervisor aliinamia screen, akaigusa ile nukta nene kwa kidole. "Huyu ni nani?"

"Ni Wawuda, Prof."

"Chapter ibaki. Na iwe ya kwanza."

Nilitoka hapo natembea kama chuo ni cha baba yangu.

Nilichojifunza: kabla hujaamini picha ya kompyuta, jua kwanza watu wako wanaitanaje.

Sasa ni zamu yenu. Nyanya yako anaitwa nani, lile jina alilopewa akizaliwa? Liandike hapo chini. Najua wengi mtapiga simu nyumbani kwanza.