Kidole Gumba cha Fundi Turbo

Watu humwita Fundi Turbo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Zamani, alipoanza kutengeneza kompyuta, mashine zilikuwa na kitufe kidogo usoni kilichoandikwa "turbo". Alikuwa akikibonyeza kwa madaha mbele ya mteja na kusema, "Sasa inapaa!" Haikupaa kitu. Lakini mteja alitoka kifua mbele, na jina likamganda fundi mpaka leo, akiwa na miaka sitini na miwili, wajukuu wanne na upara unaong'aa.

Duka lake ni chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kioo cha kukuzia, brashi ya rangi anayofutia vumbi na bisibisi zilizopangwa kwa urefu. Wateja wake wengi ni wacheza gemu. Usidhani ni watoto! Yumo wakili, yumo dereva wa lori, na yumo bibi mmoja mwenye shamba ndani ya skrini, ambaye mavuno yakiharibika hutukana mpaka fundi anaziba masikio. Wote wimbo wao ni mmoja: prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, imetoka, ina kasi kuliko ya jana, niwekee. Naye huwajibu lile lile kila mwaka: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Una mpishi mwepesi, sawa, lakini kama meza ya jikoni ni finyu, huyo mpishi atakaa tu anangoja."

Zamani alikuwa akilisema hilo kwa raha zake. Mwaka huu lilianza kumkwama kooni, kwa sababu hakujua tena kama analisema kwa ufundi au kwa woga.

Miezi saba iliyopita kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kutetemeka. Kilianza kidogo tu, akiwa amekaa bila kazi, kana kwamba kinahesabu kitu peke yake. Akakikemea. Hakikusikia. Sasa akajua kuficha: mkono mfukoni akizungumza na mteja, mkono chini ya paja akila, kiwiko kimebanwa mezani akishika bisibisi. Alikuwa akiogopa, tuseme ukweli. Kaka yake, mshona viatu, alianza hivyo hivyo kwa kidole kimoja. Miaka minne baadaye hakuweza kufunga hata kifungo cha shati, na dada yao alikuwa akimlisha kwa kijiko. Kwa hiyo fundi hakwenda kwa daktari. Aliona kwamba ugonjwa ukishatajwa jina, umeshapewa kiti sebuleni.

Na prosesa za siku hizi hazina msamaha. Zinakalia pini elfu moja na zaidi, nyembamba kuliko unywele. Unaishusha mara moja tu, polepole, unaiachia. Mkono ukicheza, pini zinapinda, na ubao mzima unakuwa takataka. Kwa miezi saba Fundi Turbo alikuwa akizikwepa kazi hizo. Mara leo nimejaa, mara jaribu mwezi ujao, mara hiyo ya zamani bado inatosha, mwanangu.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, mkewe alimmiminia chai nusu kikombe. Alikuwa akifanya hivyo kwa wiki kadhaa sasa. Fundi akaitazama ile nusu, akataka kuuliza, akaona heri anywe anyamaze. Mkewe naye akageuka kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Saa nne ikafika, na mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa pili akaingia, kompyuta kaikumbatia, kiboksi kidogo kakibana kwapani.

"Shikamoo, Mzee Turbo. Leo huna pa kukimbilia!"

"Marahaba, binti. Nani anakimbia?"

"Wewe. Mara tatu nakupigia unaniambia umejaa." Akaweka mzigo mezani, akafungua kiboksi. Prosesa mpya ilikuwa imelala ndani, inang'aa kama kigae cha bafuni. "Kaka kanitumia kutoka ugenini. Mkataba wake wa kazi huko aliko bado mwaka mzima, na unajua sisi Jumapili ni mbio za magari kwenye gemu, yeye kule, mimi huku. Ndiyo kuonana kwetu. Sasa gemu inakwama mpaka gari langu linaruka kona lenyewe. Jumapili iliyopita kaka kasema basi, tutakuwa tunapigiana simu. Simu! Tukipigiana simu tunaulizana hali ya hewa, tumemaliza. Niwekee hii, nakaa hapa hapa nikuangalie."

Akavuta stuli, akakaa. Mkono wa fundi ndani ya mfuko ukaanza vituko vyake.

"Haitakusaidia," akasema.

"Hujafungua hata mashine!"

"Nasema kwa uzoefu."

"Mzee wangu, kila kitu kinakwenda mbele. Prosesa zinazidi kasi, gemu zinazidi uzuri. Au wewe umechoka?"

Alikuwa anatania, lakini neno lile lilimchoma. "Ngoja niipime kwanza," akasema, akiwa na nia moja tu ya kusogeza mbele ile dakika ya pini.

Akaiunganisha mashine na skrini yake, akafungua gemu, na pembeni akaweka namba zinazoonyesha kila kifaa kinafanya nini. Gari likatoka vizuri, likafika kona ya kwanza, likaganda. Likaruka. Likaganda tena. Fundi akazisoma namba, na moyo ukamrukaruka kwa furaha. Prosesa ile ya zamani ilikuwa inafanya theluthi ya kazi yake tu! Muda uliobaki ilikuwa imekaa inangoja.

"Si prosesa!" akapiga kelele mpaka mfamasia akashtuka. "Sikukwambia? Hata ukiweka yenye kasi mara kumi, itangoja vile vile!"

"Wallahi wewe ni noma," mfamasia akacheka. "Mwingine angeniwekea tu na kuchukua chake. Sasa ni nini?"

Fundi akashuka mstari mmoja kwenye zile namba, kwenye memori, na furaha ikamkauka. Mashine ya huyu binti ilikuwa na vijiti viwili vya memori, alikuwa amevifunga yeye mwenyewe. Hapa palisomeka kimoja. Meza ya jikoni ilikuwa imekatwa nusu, na mpishi anakimbia stoo kila anapotaka kisu.

"Inakwama tangu lini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Tangu gemu ilipoongezewa toleo jipya. Wiki sita hivi. Ni baada ya wewe kunitolea vumbi."

Akaizima mashine, akafungua ubavu wake, akavuta taa. Kijiti cha pili kilikuwa kimesimama upande mmoja juu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hakikubonyezwa hadi mwisho.

Siku ile ikamjia yote. Kijiti cha memori kinataka kidole gumba chenye nguvu, unakandamiza mpaka kinalia kach. Siku ile kidole kilikuwa kinatetemeka vibaya, akaogopa kuvunja ubao, akagusa tu, akaacha. Kach hakuisikia. Akawasha mashine, ikawaka, na kwa jinsi alivyoshukuru hakuzitazama namba, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumkabidhi mteja mashine bila kuzitazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka wa watu kanunua prosesa ugenini, Jumapili za ndugu wawili zimekufa, na mchawi ni kidole chake.

Akamtazama mfamasia. Alikuwa ameinamia simu yake.

Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Bonyeza, funga, sema ni vumbi. Atasifiwa, atabaki Fundi Turbo. Akapeleka mkono. Kidole kikagusa kijiti, na kijiti kikaanza kugonga ubao, tak tak tak tak, sauti ndogo iliyojaa chumba kizima. Akaubana mkono kwa mkono wa pili. Ikazidi.

Mfamasia akainua kichwa. "Kuna nini?"

"Vumbi," akasema.

"Vumbi tena? Si ulilitoa wewe?"

Aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa tangu siku ya kumzika kaka yake. Akisema, mtaa mzima utajua. Akinyamaza, kesho ni mashine nyingine. Akautoa mkono ndani ya mashine, akauweka juu ya meza, chini ya taa, wazi, akauacha ucheze unavyotaka.

"Si vumbi, binti. Ni huu. Mimi ndiye niliyeiharibu gemu yako."

Mfamasia akautazama mkono kwa jicho la mtu anayehudumia wagonjwa kutwa nzima.

"Njoo ubonyeze wewe," fundi akasema. "Hapo. Kwa nguvu, usiogope, mpaka kilie."

Binti akasimama, akaweka kidole, akakandamiza. Kach! Wakawasha. Gari likachukua kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa. Hakuna aliyeshangilia.

"Mkono umeanza lini hivi?"

"Miezi saba."

"Na hujaenda popote." Hakuwa anauliza. "Mzee wangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mitetemeko hii ina sababu nyingi, nyingine zina dawa. Lakini mimi sijui, na wewe hujui." Akakirudisha kiboksi kwapani, kisha akasimama kama aliyekumbuka jambo. "Mashine ngapi nyingine umezifunga ndani ya hiyo miezi saba?"

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Akavuta daftari la kazi, akapitisha kidole kwenye majina. Mawili, matano. Wakili. Bibi wa shamba. Shule ya chekechea. Kumi na moja, zote alizozifungua akazifunga na kushukuru tu kwamba zimewaka.

Mfamasia alipoondoka, fundi akachukua simu apige kwa wateja. Namba ya kwanza aliyoipiga haikuwa ya mteja.

"Mke wangu," akasema, "mbona siku hizi unanimiminia chai nusu?"

Akasikia bomba la maji likifungwa.

"Ili isikumwagikie," mkewe akasema. "Niliogopa kukuuliza."

"Na mimi niliogopa kukwambia."

"Funga duka uje twende kwa daktari."

"Nitakuja," akasema, akibadilisha simu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. "Kwanza nina watu kumi na mmoja wa kuwaambia."