Mama Mkwe na Farasi

Kwetu Shinyanga mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye chakula, wala hapishani naye mlangoni. Ni adabu nzuri sana ukiwa na boma lenye uwanja mpana. Mimi nina vyumba viwili ghorofani, Berea, hapa Durban, na choo kimoja. Mama mkwe alipokuja kutusalimia ilibidi nibuni utaratibu: nikawa nakohoa. Nilikohoa kwenye ngazi nikitoka kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, nikakohoa kabla ya kwenda bafuni, nikakohoa nikitaka maji ya kunywa. Naye akisikia, anajitia jikoni na kufunga mlango. Siku moja jirani yetu Mkongomani alinisimamisha kwa huruma.

"Ndugu, iko clinique hapa chini," akaniambia. "Dawa ya kifua wanatoa bure."

Nikamshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza?

Lakini nilikuwa na sababu. Nilipomleta binti yake huku Afrika Kusini, mama alisema mwanamume anayekwenda mbali kiasi hicho anakimbia adabu. Neno lile liliniuma na bado linaniuma. Nilitaka arudi nyumbani na ushuhuda mmoja tu, kwamba mkwe wake ana adabu, na kwa ajili hiyo nilikohoa kama trekta linalokataa kuwaka.

Ilipobaki wiki moja aondoke, mke wangu akasema mama hajaona kitu Durban isipokuwa maduka na mgongo wangu. Akapanga twende kupiga kambi msituni, mbali kaskazini mwa jiji, kando ya mto, mahali penye farasi wa kupanda. Umeme hakuna, na choo ni shimo lililozungushiwa matete. Mimi nilipewa kazi moja: mahema mawili, la kwao na la kwangu. Niliyaazima kwa yule jirani, na kwa kuwa mimi ni fundi, sikuona haja ya kufungua mifuko. Tulipofika, mfuko wa pili ulikuwa na turubai la mikutano ya kanisa lao, bila hata nguzo moja.

Kulala hema moja na mama mkwe ni jambo lisilosemeka. Nikatangaza kwamba nimekua nikichunga ng'ombe, nitalala nje karibu na farasi. Nikajiviringisha turubai. Farasi mmoja mwekundu, mwenye tumbo kubwa, alianza kulitafuna upande wa miguu, na tukavutana naye mpaka kulipokucha.

Asubuhi mwenye farasi, mama mmoja wa Kizulu mwenye buti ndefu, akatupanga tuvuke mto. Njia ya kuuendea ilikuwa nyembamba, ya farasi mmoja mmoja. Hapo nikapata mtihani. Nikitangulia, nampa mama mkwe mgongo. Nikifuata, namtazama wa kwake. Nikaomba nipite pembeni. Pembeni kulikuwa na miiba, ikanichana mikono, shati na suruali. Mama mkwe, aliyezoea punda tangu utoto, alikaa kiupande na kanga zake mbili, akimwambia binti yake kwamba huyu ni punda tu aliyeshiba.

Ukingoni mwenye farasi alieleza jambo kwa Kiingereza. Sikumsikiliza, maana nilikuwa nimeinua uso kwenye matawi, nikifanya heshima. Baadaye niliambiwa alichosema: farasi akianza kuparapara maji kwa mguu, mpige kisigino atembee, kwa sababu anataka kulala. Wangu, yuleyule mla turubai, alifika katikati ya mto akaanza kuparapara. Nikampapasa shingo, nikamsifu kwa uchangamfu wake. Akakunja magoti, akalala.

Nilipoibuka, naye alikuwa anainuka. Suruali iliyochanwa na miiba ilikuwa imenasa kwenye chuma cha kukanyagia, akaondoka nayo nzima hadi ng'ambo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi sikuyavulia, nilivuliwa. Nikaketi palepale mtoni, maji yakanifika kidevuni, nikakataa kutoka. Mwenye farasi alisema "eish" moja, akamfuata mnyama wake. Mke wangu alicheka mpaka akalalia shingo ya farasi.

Meno yalianza kugongana, lakini si baridi iliyoniumiza. Nimekohoa wiki zote zile, nimelala na mifugo, na sasa habari itakayofika Shinyanga ni chupi yangu ya buluu. Nililia kwa aibu. Bahati nzuri uso ulikuwa umeshalowa.

Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu nioe.

"Baba, toka majini. Utapata kikohozi cha kweli."

Nikageuza shingo kidogo. Mama mkwe alikuwa ameshuka, amesimama kwenye maji ya vifundoni, uso kaelekeza msituni, mkono mmoja kaunyoosha nyuma yake. Mkononi alishika kanga moja. Nikaenda kinyumenyume, nikaipokea, nikajifunga kiunoni.

Jioni niliendesha gari kurudi Berea nikiwa na kanga ileile. Wao wawili walikaa nyuma. Tulipokuwa tumesimama kwenye taa za kwanza za jiji, mama akamnong'oneza binti yake, mnong'ono wa kukusudia ufike mbele.

"Nitamwambia baba yako mkwe wake ana adabu. Hata imezidi."

Nilitaka kumshukuru, ila kumsemesha sikuweza. Nikakohoa.