Rejeta Mpya, Honi ya Mdomo

Ukifika kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mkuyuni, ukamuulizia Shabani, watu watakutazama tu, lakini ukisema unamtafuta Mzee Honi hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwa mama yangu. Aibu hiyo niliitafuta mwenyewe, jamani, tena kwa sababu ya rejeta.

Marehemu baba alituachia Pijo 504 nyeupe (ilikuwa nyeupe, siku hizi ina rangi ya chai ya maziwa), na ndiyo iliyompeleka dada yangu kwa mumewe. Dada naye alitangulia mbele ya haki akatuachia Zuhura, nikamlea mimi mjomba wake pale mjini Morogoro, na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuja kula pilau tu, binti ni wako. Basi Zuhura alipochumbiwa aliniomba kitu kimoja.

"Mjomba, sitaki mapambo mengi. Ndoa ifungwe kwa Bibi, na mimi nifike na Pijo aliyopanda mama. Bibi aisikie."

Alisema aisikie kwa sababu mama yangu macho yamemwishia, anaona vivuli tu, ila honi ile anaijua, maana baba alikuwa akiipiga toka kule juu mlimani, moja ndefu na mbili fupi, na mama anabandika chai. Nikamwambia Zuhura hilo limekwisha. Kumbe rejeta inayopoza injini ilikuwa inavuja kama chujio.

Fundi Kibwana wa Msamvu akaniwekea mbili chini nichague. Moja ilitoka kwenye Pijo mwenzake aliyefia Gairo, nyeusi, imepondeka pembe, lakini ni ya kwake, inakaa kwenye matundu yale yale. Ya pili ilikuwa ya gari la kisasa, alumini tupu, pana, nene, inang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu, na moyo wangu ukaenda huko huko. Nikajiambia siku ya harusi watu wakifungua boneti waone mjomba hakubahatisha (nani anafungua boneti harusini? Sikujiuliza).

"Hii ni nene," Kibwana akasema, "feni ya Pijo haitapata nafasi."

"Si utaweka ya umeme kwa mbele?"

"Naweka, lakini umeme nitauchukua kwenye waya wa honi, ndio uliobaki mzima. Kwa hiyo honi iguse tu. Ukiikandamiza fyuzi inaungua na feni inasimama."

"Mimi si mtoto," nikamjibu.

Siku ikafika. Nimevaa kanzu mpya na koti, Zuhura nyuma na somo yake, wamependeza, wananukia, na nyuma yetu Noah imejaa kina mama na vigelegele vyao. Noah inapiga honi, bodaboda zinapiga honi, sisi kimya, mimi jicho kwenye mshale wa joto, na mshale umetulia. Tukaingia Mkuyuni. Ilikuwa siku ya soko, watu wamesimama na ndizi zao wanatusubiri tupite, mmoja akapaza sauti, "Vipi, mmebeba bibi harusi au maiti?"

Zuhura akaninong'oneza, "Mjomba, kidogo tu."

Nikagusa. Soko lote likashangilia. Nikagusa tena, Noah ikajibu, bodaboda zikajibu, na mkono wangu (sijui ulipandwa na nini) ukakaa pale pale, piiiii, tangu kwenye mananasi mpaka kwenye mitumba, halafu honi ikakata ghafla. Nikasema si neno, sifa tumeshazipata. Feni haikunijia akilini kabisa.

Ilinijia mlimani, mshale ulipolala kwenye wekundu na mvuke ukaficha barabara. Nikaegesha, nikafungua boneti, hapo wote wakaiona rejeta yangu, na mpira wa maji uliokuwa umezeeka ukachomoka, maji ya kutu yakanimwagikia kanzu toka kifuani hadi viatuni. Alhamdulillahi, viatu viliungua kuliko mimi.

Basi akashuka kwenye Noah Bi Tabu, mtani wa ukoo wetu, na mtani akiona balaa lako ni sikukuu yake. Akavua khanga, akaifunika Pijo usoni, akaangua kilio. "Uwiii, Pijo wetu! Umekufa ungali mbichi! Shabani amekunyonga na alumini!" Wenzake wakakaa chini barabarani kama matangani. Pikapu ya ndizi ikasimama, dereva akavua kofia, akanishika mkono kwa huzuni kabisa. "Poleni. Alikuwa anaumwa?"

Nikamwomba Zuhura ahamie kwenye Noah. Akakataa katakata. "Bibi anasubiri Pijo." Mlima ulikuwa umebaki kidogo, kisha ni mteremko mpaka uani, kwa hiyo kina mama wakafunga vitenge viunoni wakasukuma, nao wanaimba nyimbo za kunisema, tukafika juu, tukateremka kimya kimya na breki za kuombea dua. Mama alikuwa mlangoni kwenye mkeka, shehe na wageni wamejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zuhura yuko wapi?"

"Nipo, Bibi. Nimekuja na Pijo ya mama."

"Pijo ipi, mjukuu wangu? Mbona sijaisikia?"

Zuhura akanigeukia, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, ile ya kanzu ilikuwa mzaha. Mtoto aliniomba kitu kimoja tu. Nikarudi kwenye usukani nikabonyeza honi, kimya. Nikashuka. Nikasimama katikati ya ua, mtu mzima mwenye mvi, nimelowa kutu, nikazungushia viganja mdomoni.

"Piiiii! Pi-pi!"

Mama akainamisha kichwa.

"Rudia."

Nikarudia, safari hii kwa pumzi zote.

"Ndiyo yenyewe," akasema, "ila imepata mafua." Kisha akanyoosha mikono, Zuhura akamwangukia kifuani wanalia na kucheka, nami nikasingizia mvuke umeniingia machoni.

Siku hizi Pijo imevaa ile rejeta nyeusi ya Gairo, haichemshi, na ile alumini imesimama kwenye bustani ya mama kuzuia kuku wasile mchicha. Nimeapa sitachagua spea kwa kung'aa kwake. Honi nayo imepona, inalia vizuri kuliko zamani. Juzi nimeipiga toka mlimani, nimefika uani, mama kanyamaza ndani kama hayupo. Nikashuka, nikatazama kulia na kushoto, hakuna mtu, nikaweka viganja mdomoni. Piiiii, pi-pi.

"Karibu, mwanangu," akaitika. "Sasa ndiyo umefika. Nabandika chai."