Alama ya Sikio

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu dubu wa kuchezea wa manyoya ambao matajiri wa Ulaya huwakusanya. Kila mmoja ana kifungo cha chuma sikioni, alama ya kampuni iliyomtengeneza, na kikitoka thamani yake inashuka. "Mama, si kama wako huyu?" akasema, akitazama juu ya kabati langu.

Wangu, mama alimtoa kwenye rundo la mitumba mnadani Mogitu nilipokuwa mtoto, akinuka dawa na vumbi, huku ng'ombe wakilia nyuma yetu. Dubu sikumjua, nilidhani ni ndama wa Ulaya. Kaka yangu Petro alipoona kile kifungo akatangaza, "Huyo ni wa watu. Ana alama ya boma lingine. Lazima arudishwe!"

Niliamini, maana kwetu kila boma lilikata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake, na mnyama mwenye alama ya wengine hafichwi. Niliamini, na nikakataa. Tulipofika nyumbani nilichukua wembe, nikang'oa kifungo, nikamkata sikio mapengo mawili kama ng'ombe wetu. Bibi akanikuta.

"Unafanya nini, wewe?"

"Shikamoo bibi. Namwekea alama yetu."

"Marahaba." Akamgeuza sikio, akalikagua kama mnunuzi. "Haya. Mwenyewe akija, aje na mashahidi."

Binti yangu anakililia kile kifungo. Mimi, hata kidogo. Kampuni ikimtaka ndama wangu, ije Mogitu na mashahidi.