Mkanda Ulioishia Kwenye Kona

Jumatano iliyopita nilikuwa kanisani napanga vitabu vya nyimbo kabla ya ibada ya jioni. Mtoto wa kaka yangu akainua macho kutoka kwenye simu. "Shangazi, tumetolewa."

Sikuhitaji kuuliza wapi. Waingereza wana makombe mawili ya mpira ya mtoano, kubwa na dogo, na katika ukoo wetu hilo dogo ndilo lenye uzito. Nikaweka vitabu chini, nikakaa. Neno hilo moja lilinirudisha Irving, Texas, kwenye fleti yetu karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zilipita juu na vikombe vikagongana kabatini.

Miaka ile ya tisini, bibi yetu alikuja kukaa nasi msimu mmoja wa baridi. Babu alikuwa amefariki, na Baba alikwenda nyumbani kumzika, akarudi na Bibi. Baba mkubwa, aliyeishi Houston, hakwenda. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Angetoka Marekani asingerudi. Baba alilijua hilo, lakini kwa uchungu wa msiba alimwambia kwenye simu, "Umechagua Texas kuliko baba yako." Tangu hapo hawakusemezana.

Baba mkubwa alitaka kuja kumchukua mama yake. Bibi akakataa. "Aliyesema neno ni mdogo," alisema, akikanda unga wa chapati. "Mdogo ndiye atakayenipeleka." Na tiketi yake ya kurudi nyumbani ilikuwa ya mwezi wa tatu. Nami, mtoto, nikawa naitazama kalenda kwa hofu kwamba ataondoka kabla hawajapatana.

Lakini wale ndugu wawili walishabikia timu moja, wenye jezi nyekundu, tangu wakiwa wadogo wakisikiliza redio ya Babu. Mechi za kombe dogo zilichezwa katikati ya wiki, Baba akiwa kazini akipakia mizigo ya abiria, na kwetu hapakuwa na dishi. Houston lilikuwapo. Bibi akampigia mwanawe mkubwa: "Mwenzako huku hana mpira." Siku chache baadaye ukaja mkanda wa video kwa basi, umefungwa kwa gazeti na gundi nyingi, bila barua.

Bibi akaweka sheria. Anayepokea kitu hupiga simu kuitikia. Na matokeo hayatajwi, maana mkanda huangaliwa Jumapili baada ya ibada, watu wakishakula.

Simu ya kwanza ilikuwa hivi: "Umefika." "Haya." Baba akakata. Raundi iliyofuata akaongeza, "Kipa alidaka vizuri." Iliyofuata, Baba mkubwa akauliza kama tuna baridi. Nikaelewa hesabu ile kabla ya watu wazima: timu ikishinda, mkanda unakuja, ikitolewa, simu zinakwisha. Nikaanza kupiga magoti kuomba magoli. Bibi akanisikia.

"Mke mwenzangu," aliniita hivyo siku zote, "usimwombe Mungu magoli. Na wale wengine wana bibi zao. Mwombe mapenzi yake, halafu utulie."

Kutulia ndiko kulikonishinda.

Nusu fainali ilikuwa ya mechi mbili. Ya kwanza tulifungwa moja. Mkanda wa pili ulipofika, maharage ya nazi yalipoa kwenye sahani, hakuna aliyekula. Bibi alikaa na kanga juu ya koti, akiuliza kila mara, "Wetu ni hawa?" Tukarudisha bao. Dakika tisini zikaisha, wakaenda muda wa nyongeza. Wekundu wakapata kona. Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma, akainua mkono, na kioo kikawa chengachenga. Mkanda ulikuwa wa saa mbili.

Baba alisimama, akaipiga mashine ya video kofi. Akakaa. Akasimama tena.

"Piga simu," Bibi alisema.

"Mama, nitauliza watu kazini kesho."

"Watu wa kazini ni kaka zako?"

Akapiga, akabonyeza spika.

"Kaka, mkanda umeisha."

"Umeishia wapi?"

"Kwenye kona."

Kicheko kikubwa kikajaza sebule. "Nilidhani saa mbili zinawatosha! Nani alijua watatutesa hivi? Haya, kaa chini." Akaanza kutangaza, kwa sauti ya mtangazaji wa redio ya utoto wao. "Kona inapigwa, kichwa kile pale, mwamba!" Baba akashika kichwa. Bibi akafumba macho. Ilikuwa kama Babu yuko hapo kati yao, anazungusha kitufe cha redio. Dakika za mwisho sauti ikashuka. Tulifungwa.

"Tumetolewa, mdogo wangu."

Nikalia kwa sauti. Baba hakukata. "Kaka, lile neno nililosema wakati wa msiba…"

"Neno gani? Mimi natangaza mpira hapa." Akapenga kamasi. "Mlete Mama Jumamosi. Na mkanda wangu uurudishe, mtu mbahili wewe."

Tukaenda. Bibi alikaa mbele, na kuanzia Irving mpaka Houston hakusinzia.

Leo Baba na Bibi wamelala, nami nashukuru walilala wakiwa wamepatana. Hakuna tena anayefunga mpira kwa gazeti na kuupakia kwenye basi. Matokeo yanafika kabla hujajua kama unayataka, na hayadai umpigie mtu.

Nikamwambia yule kijana, "Usiishie kuisoma hiyo simu. Mpigie Baba mkubwa Houston, macho yake siku hizi hayaoni kioo. Mtangazie wewe."

"Nianzie wapi, Shangazi?"

"Popote. Ila ikifika kona, usiharakishe."