Chumba cha Mwisho cha Ukumbi

Mimi na rafiki yangu tulimaliza chuo kikuu mwaka mmoja, tukarudi Bunia na lisansi, yaani shahada, zinazofanana. Mama yangu alikausha samaki Tchomia, kando ya ziwa. Baba yake alikuwa na maduka na malori. Ofisi moja ya serikali ilituajiri siku ileile.

Mkurugenzi alisoma karatasi zetu, kisha akaniita raia kwa Kifaransa na kuniuliza, "Sitwayen, weye ni mutoto wa nani?"

Nikataja jina la baba. Akamgeukia mwenzangu na kumuuliza hali ya mzee wake.

Miaka mitatu baadaye mwenzangu alikuwa mkuu wa idara. Mimi niliwekwa "kwa muda" katika chumba cha mwisho cha ukumbi, chumba cha faili za zamani, kisicho na dirisha. Ripoti zangu zilitoka na saini yake. Watu walipita bila kunisalimia. Mara mbili walizima taa na kufunga mlango kwa ufunguo, saa sita mchana, nami nimekaa mezani.

Siku moja droo ya meza yangu ilikwama. Nilipoivuta kwa nguvu, nyuma yake nikakuta barua zilizogeuka rangi ya chai. Mtu fulani alikuwa anaomba kupandishwa cheo. Nilizisoma nimesimama. Maneno yalikuwa yaleyale niliyoandika asubuhi ile katika ombi langu la kupandishwa cheo, na mwandiko ulilala kushoto kama wangu. Barua ya mwisho haikuwa na jina chini.

Nikamwendea mzee aliyelinda mlango wa ofisi, nikamuuliza barua zile ni za nani.

"Ule alikuwa mutu wa ziwa, kama weye," alisema. "Alisoma sana."

"Walimufukuza?"

"Hapana. Siku moja tuliona kiti iko wazi. Hatukujua iko wazi tangu lini."

Nikaenda kwa rafiki yangu, nikamweleza yote.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," alinijibu kwa upole. "Nitasema na mukubwa." Aliongea akitazama ukuta ulio nyuma yangu.

Wiki ileile niliacha kazi, nikapata kufundisha hesabu katika sekondari moja ya Marabo. Rafiki yangu baadaye akawa mkurugenzi.

Asubuhi yangu ya kwanza darasani, wanafunzi arobaini walisimama na kunisalimia kwa sauti moja. Nilishtuka nikashika ubao. Walibaki wamesimama, wananitazama, mpaka nilipoweza kuwajibu.